Binti Yangu Ameniuliza Kama Naye ni Mdoli Mbaya

Swali: Mama mmoja wa Mafinga ananiandikia kwamba binti yake wa miaka sita alitazama kwa jirani katuni iitwayo UglyDolls, katika nakala ambayo msimulizi hutafsiri kwa Kiswahili juu ya sauti za wahusika. Binti huyo ana kovu la kuungua, linaloanzia shavuni na kushuka hadi shingoni, alilolipata akiwa na miaka miwili na nusu baada ya birika la chai kupinduka. Tangu siku hiyo anataka anunuliwe mdoli wa Moxy, ambaye ndiye mhusika mkuu, na jioni moja, akiwa anasukwa, aliuliza: "Mama, kwani na mimi ni mdoli mbaya?" Mama anataka kujua kama filamu hii inamfaa mtoto wa umri huo, kama si tangazo tu la kuuzia midoli, na amjibu nini mtoto wake.

Jibu:

Nakusalimu kutoka Mbeya, mama, na nakupa pole kwa swali lililokukuta umeshika chanuo, bila nafasi ya kulifikiria. Kazi yangu ni kufundisha walimu wa watoto wadogo, na kwa miaka mingi sehemu ya kazi hiyo imekuwa kutazama filamu za watoto pamoja na watoto wenyewe, nikiziangalia nyuso zao zaidi kuliko skrini. Filamu uliyoitaja naifahamu vizuri. Nitajibu maswali yako yote matatu, ila si kwa mpangilio ulioyauliza wala kwa urefu ulio sawa, kwa sababu naamini kwamba kilichomuumiza binti yako hakimo hasa ndani ya filamu, bali kimo katika neno moja la lugha yetu.

Neno hilo ni "mbaya". Filamu ilitungwa kwa Kiingereza, na Kiingereza kina neno moja kwa sura isiyopendeza na neno jingine kabisa kwa tabia ovu, kiasi kwamba mtoto wa Marekani anayesikia jina la filamu hiyo haoni kwamba wanasesere wake wameshutumiwa kwa kosa lolote. Sisi, katika mazungumzo ya kila siku, tunalibebesha neno moja mambo yote mawili. Tunasema sura mbaya, na pumzi hiyo hiyo tunasema tabia mbaya, roho mbaya, mtu mbaya. Mtoto wa miaka sita anapomsikia msimulizi akisema "hawa ndio midoli mibaya", hasikii kwamba hawa ni wanasesere wenye jicho moja au meno yenye pengo. Anasikia neno lile lile analoambiwa anapompiga mdogo wake au anapomwaga uji kwa makusudi. Nilipomchezea mtoto wa dada yangu nakala ya namna hiyo, alikaa kimya dakika kumi nzima akisubiri wanasesere wale wafanye jambo ovu, na walipokuwa hawafanyi aliniuliza, kwa dhati kabisa, "Wameiba nini?"

Kwa hiyo naomba ulisome upya swali la binti yako. Huenda hakuwa akikuuliza kama anapendeza. Huenda alikuwa akikuuliza kama alifanya kosa, na kama kovu lile ndilo alama ya kosa hilo. Hayo ni maswali mawili tofauti, na la pili ndilo zito, tena halijibiwi kwa kumwambia mtoto kwamba yeye ni mrembo kuliko wote. Ukimjibu hivyo utakuwa umejibu jambo ambalo hakuuliza, na zaidi ya hapo atajua kwamba unamfariji, kwa maana watoto huitambua sauti ya mtu mzima anayefariji kama wanavyoitambua harufu ya dawa iliyochanganywa kwenye uji.

Mimi ningemjibu kwa habari iliyonyooka, iliyo fupi, na ninayoweza kuirudia kwa maneno yale yale kila atakapouliza. Kwamba hili linaitwa kovu. Kwamba alipokuwa mdogo chai ya moto ilimwagika, ngozi ikaungua, mwili wake ukafanya kazi siku nyingi kutengeneza ngozi nyingine, na ngozi hiyo mpya haifanani na ile ya zamani. Kwamba hakufanya kosa lolote. Sentensi hiyo ya mwisho usiiache hata siku moja, na nitakuomba na wewe uisikie, kwa sababu katika barua yako umeandika mara mbili kwamba birika lilikuwa "limewekwa vibaya", na mama anayejilaumu humfundisha mtoto, bila kutaka, kwamba kovu ni jambo la kulaumiana. Usimwambie kwamba halionekani. Analiona kila anapojitazama kwenye kioo, na akigundua kwamba mama yake hasemi ukweli juu ya shavu lake hatajua aamini nini juu ya mengine. Wahenga wana methali yao ya "hujafa hujaumbika", lakini hiyo ni ya kuwaambia wanaocheka, nayo ina onyo ndani yake. Usimpe mtoto mwenye kovu, maana hana cha kuonywa. Na nje kidogo ya mada: kwa kuwa bado anakua, kovu la shingoni linaweza kukaza, hivyo ukiona analazimika kugeuza kiwiliwili chote ili atazame kando, mpeleke kwa daktari mapema.

Sasa filamu yenyewe. Ilitoka Marekani tarehe 3 Mei 2019, ina dakika 87, na iliongozwa na Kelly Asbury, mtu aliyekwisha kuongoza katuni kadhaa kubwa kabla ya hapo. Imetengenezwa yote kwa kompyuta. Kila sekunde ya filamu ina picha 24, kwa hiyo dakika hizo 87 zina picha zaidi ya 125,000, na katika kila moja mafundi wanapaswa kuamua mwanga unaangukia wapi na mkono wa mwanasesere umekunjika kiasi gani. Nakuomba siku moja usimamishe picha mahali uso wa Moxy uko karibu, umtazame shavuni. Utaona kitambaa. Hawakumpa ngozi wala plastiki. Walimpa sura ya kitu kilichokatwa kwa mkasi na kujazwa pamba, chenye manyoya mafupi ya kitambaa laini, na anapocheka hukunjika kama mto unavyokunjika. Katika filamu nzima hakuna jambo lililonigusa kama hilo, na nitalirudia baadaye kwa sababu ndilo linalokuhusu.

Hadithi si ngumu. Moxy, mwanasesere wa rangi ya waridi, anaishi katika mji wa wanasesere waliotupwa na kiwanda kwa sababu walitoka na kasoro. Wote wameridhika isipokuwa yeye, ambaye kila asubuhi huamini kwamba leo ndiyo siku atakayopata mtoto wa kumpenda katika ulimwengu mkubwa. Anaondoka na rafiki zake, wanapenya kwenye bomba ambalo wanasesere huingilia mjini kwao, na kufika mahali pengine ambako wanasesere wasio na dosari wanafundishwa na kijana mzuri wa sura aitwaye Lou kabla ya kupelekwa kwa watoto. Lou anawadhihaki na kuwawekea vizuizi. Baadaye inabainika kwamba yeye mwenyewe ni mwanasesere wa mfano tu, yule ambaye kiwanda humtumia kutengenezea wengine, na kwa hiyo hawezi kamwe kupelekwa kwa mtoto yeyote. Wazee wetu walikwisha kumweleza Lou waliposema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, ingawa mimi namwonea huruma zaidi kuliko methali hiyo inavyoruhusu.

Kwa umri wa miaka sita inafaa, mradi mtu mzima awe karibu. Huko Marekani iliwekwa katika daraja linaloshauri mzazi aongoze utazamaji. Hakuna damu wala matusi wala mambo ya kikubwa. Kuna sehemu ambapo Moxy na wenzake wanakaribia kusagwa na mashine, na sehemu nyingine ya majaribio ndani ya nyumba ya kuigiza yenye vitu vya kutisha kwa kiumbe mdogo. Mtoto mwoga atahitaji kushikwa mkono hapo. Ninachokiona kuwa kizito zaidi kwa binti yako si mashine hizo bali ni wimbo mmoja, na hili linahitaji maelezo.

Filamu ya nyimbo haitumii nyimbo kama pambo. Unapoitazama kwa makini utaona kwamba hadithi hugeuka ndani ya wimbo: mhusika anaanza kuimba akiwa hajaamua na anamaliza ameamua, au anaanza akiwa na tumaini na anamaliza amevunjika. Jambo hili halipaswi kutushangaza sisi, kwa sababu ngano zetu zimejengwa hivyo hivyo. Bibi zetu wa Kihehe, Kibena na Kinyakyusa walipofika mahali msichana amepotelea msituni au ndege ameanza kusema siri, waliacha kusimulia na kuimba, na sisi tuliokaa kuzunguka moto tulilazimika kuitikia, na ni katika kule kuitikia ndiko tulikojua kwamba jambo kubwa linatokea. Wimbo ukikatwa katika ngano, hubaki na habari isiyo na moyo.

Ndivyo ilivyotokea katika nakala aliyoitazama binti yako. Siwadharau wasimulizi wa filamu. Katika filamu za mapigano wana kipaji cha ajabu, na watu wengi wa vijijini wasingejua sinema ni nini bila wao. Lakini katika filamu ya nyimbo msimulizi ana njia mbili tu, ama anyamaze wimbo upite bila kueleweka, ama aseme juu ya wimbo. Sasa fikiria ule wimbo wa Lou. Yumo katikati ya umati, muziki unachangamsha, wanasesere warembo wanacheza kwa mpangilio, na maneno yake yote ni ya kumwambia Moxy na wenzake usoni kwamba hawafai na hawatapendwa. Katika filamu kamili wimbo huo hujibiwa baadaye na mwingine, ambao Moxy anaimba pamoja na Mandy, mwanasesere mrembo anayeficha kwamba haoni vizuri bila miwani, na jibu hilo liko katika sauti zao mbili zinavyosaidiana kupanda. Mtoto aliyesikiliza kwa Kiswahili cha juu juu alipata shutuma kwa ukamilifu, kwa sababu shutuma ni rahisi kutafsiri, kisha jibu likampita kama kelele za muziki. Ongeza hapo kwamba shutuma yenyewe ilitafsiriwa kwa neno "wabaya". Sishangai kwamba alikuuliza alichokuuliza.

Kwa hiyo ushauri wangu si kuificha filamu. Alikwisha kuiona, na ukiificha utakuwa umethibitisha kwamba ndani yake kuna siri inayomhusu. Itazame naye, safari hii ikiwa na sauti zake halisi, wewe ukiwa ndiye msimulizi. Huhitaji kujua Kiingereza kingi. Simamisha baada ya wimbo wa Lou umuulize, "Unadhani anasema kweli?" kisha umsikilize mpaka amalize, hata kama atakwenda mbali. Badala ya "midoli mibaya", waite jina ambalo halina hukumu ndani yake. Katika madarasa yetu tumejaribu kadhaa; "midoli ya kipekee" watoto waliliona la kihubiri, lakini "midoli vituko" walilipenda papo hapo, kwa sababu kituko ni jambo la kutazamwa kwa furaha na halina kosa. Huenda binti yako akapata jina bora zaidi, na akilipata litumieni hilo.

Lipo jambo ninalolilaumu katika filamu hii, nami sitalificha. Inahubiri mno. Karibu kila dakika kumi mhusika mmoja anatuambia kwa maneno kwamba tofauti zetu ndizo zinazotufanya tuwe sisi, na watunzi hawakuamini kwamba mtoto angeliona hilo mwenyewe kwa kutazama tu kiumbe wa kitambaa mwenye pengo kwenye meno anayefurahia asubuhi yake. Pia imegawanya ulimwengu wake katika makundi mawili, wazuri upande huu na wenye kasoro upande ule, na ingawa mwishoni inayaunganisha, mtoto anakuwa ameshafundishwa kwanza kugawanya. Nilipokuwa na watoto wa chekechea walioitazama, mchezo wao wa mapumziko ulikuwa kuamua nani yuko mji gani. Tulihitaji siku mbili kuwaondoa hapo.

Lakini jambo hilo ambalo filamu inalisema kwa sauti kubwa, mdoli wenyewe ulikwisha kulisema kwa utulivu miaka mingi kabla, na hapa ndipo ninapotaka ukae nami zaidi. Midoli hii haikuanzia kwenye filamu wala katika ofisi ya wauzaji. Ilianzia kwenye barua. David Horvath, Mmarekani, na Sun-Min Kim, Mkorea, walikutana wakisoma chuo cha sanaa mjini New York. Kim alilazimika kurudi kwao Korea, na Horvath akawa anamwandikia barua, na chini ya barua anachora kiumbe mdogo mwenye aproni aliyempa jina la Wage. Mwaka 2001 Kim alichukua kitambaa, sindano na uzi, akaushona mchoro ule kama ulivyo, mistari iliyopinda ikabaki imepinda, akautuma Marekani kama zawadi. Horvath alimwonyesha mwenye duka moja la Los Angeles, ambaye akadhani wanauza, akaagiza vipande ishirini. Kim akavishona kwa mkono, vikaisha mara moja. Mwaka 2006 midoli hiyo ilipata tuzo ya mwaka ya chama cha watengenezaji wa vifaa vya kuchezea cha Marekani, na wawili hao wakawa mume na mke.

Tafakari hilo, mama. Mdoli wa kwanza haukuwa na sura isiyo ya kawaida kwa sababu kiwanda kilikosea. Ulikuwa na sura ile kwa sababu mtu alimchorea mtu anayemkumbuka kitu cha kumchekesha, naye mwenzake akakiona kuwa chema kama kilivyo, wala hakunyoosha hata mstari mmoja. Filamu imeligeuza hilo kuwa hadithi ya makosa ya kiwandani, na kwa maoni yangu imepoteza kilicho bora.

Hapo linaingia swali lako la biashara. Ndiyo, filamu ya namna hii hutengenezwa kwa matumaini kwamba midoli itauzwa, na wewe hukukosea kushuku. Historia yake ni ndefu. Mwaka 1969 kampuni moja ya Marekani ilishtakiwa na mshindani wake mbele ya mamlaka ya utangazaji kwa sababu katuni yake ya magari ya kuchezea ilikuwa sawa na tangazo la nusu saa. Miaka ya 1980 vikwazo vikalegezwa, katuni za midoli zikajaa kwenye televisheni. Na mwaka 1990 sheria ikaweka kikomo cha matangazo katika vipindi vya watoto, dakika 12 kwa saa siku za kazi na dakika 10 na nusu mwisho wa wiki. Barbie, aliyeanza kuuzwa mwaka 1959, alipata filamu yake ya kwanza ya nyimbo mwaka 2004, ya kompyuta pia. Vijitu vya nywele zilizosimama viitwavyo Trolls, alivyovianzisha Thomas Dam wa Denmark, vilipata yao mwaka 2016. Hii ya UglyDolls ilifuata njia hiyo hiyo na haikufanikiwa: iligharimu zaidi ya dola milioni 40 na ikaingiza kama milioni 32 tu katika majumba ya sinema duniani kote. Ndiyo maana huwezi kuikuta midoli yake madukani kwetu kirahisi, ingawa sitashangaa siku moja nikiiona kwenye marobota ya mitumba pale Mwanjelwa, kati ya dubu wa manyoya na soksi zisizo na wenzake.

Usiitafute. Nasema hivyo si kwa sababu ya bei pekee. Binti yako akishikishwa mdoli wa kiwandani atakuwa amepewa kasoro za mtu mwingine, zilizochapwa zikafanana kwenye kila kipande. Mimi ningependa apate alichopata Kim na Horvath, na hilo linawezekana Mafinga, mwezi huu, kwa karibu bure.

Mpe karatasi na kalamu, mwambie achore mdoli autakao. Usimwelekeze. Akichora mikono mitatu, ni mitatu. Akiuwekea kovu, usishtuke, na asipouwekea usimkumbushe. Hilo ni lake. Kisha kuza mchoro ule kwenye gazeti kwa kufuata mistari yake hata pale mkono wake ulipoteleza, na uongeze upana wa kidole kuzunguka pande zote kwa ajili ya mshono, kwa sababu anayesahau nafasi ya mshono huishia na mdoli mwembamba usio na shingo. Kwa kitambaa usianze na kitenge. Kinafumuka pembeni na kumchosha anayejifunza. Huko kwenu kwenye baridi mablanketi laini ya mitumba hayakosekani, na blanketi laini halifumuki ukilikata. Mabaki ya kitenge muombe fundi cherehani, yatafaa kwa nguo na masikio. Kata vipande viwili, vilaze pande nzuri zikiangaliana, shona kuzunguka huku sindano ikirudi nyuma nusu hatua kila mara ili uzi usiachie, na uache tundu la vidole vitatu ubavuni. Geuza. Kwenye pembe tumia mpini wa mwiko kusukuma, taratibu. Jaza sufi kama unaipata, au vipande vidogo vya sweta, ukianza na mikono na miguu, na usikandamize mno, maana mdoli uliojazwa sana haukumbatiki.

Macho yawe vifungo ikiwa nyumbani hakuna mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kama yupo, yadarizi kwa uzi, kwa sababu kifungo kikichomoka huishia kooni. Binti yako ashone angalau jicho moja mwenyewe. Sindano nene yenye tundu kubwa inamfaa, na wewe mshikie kitambaa. Mwanafunzi wangu mmoja, kijana kutoka Makete, alikuwa akisema hajawahi kucheza na midoli tangu utoto wake wa kutengeneza watoto wa magunzi yenye nywele za ndevu za mahindi. Siku alipogeuza mdoli wake wa kwanza na kuuona uso ukitokea kutoka ndani ya kitambaa alinyamaza, akauweka mezani ukimtazama, na hakuuondoa mpaka jioni.

Jirani ambaye nyumbani kwake binti aliitazama filamu asilaumiwe. Alikaribisha mtoto kwa wema. Ila ungeweza kumwomba kwamba, watoto wakikusanyika tena, wasitumie neno lile la msimulizi kuitana, na ukieleza kwa nini, kama nilivyoeleza hapo juu, ataelewa. Mwambie na mwalimu wa darasa la kwanza kabla shule hazijafunguliwa. Mwalimu anayejua habari ya birika la chai kabla ya watoto wengine kuuliza anaweza kuisema kwa ufupi na kuendelea na somo, na watoto wa umri huo wakijibiwa mara moja kwa sauti ya kawaida huhamia haraka kwenye jambo jingine.

Mdoli ukikamilika, muache auite jina mwenyewe. Na akikuuliza kwa nini jicho moja liko juu kuliko jingine, mletee ile karatasi, umwonyeshe kwamba ndivyo alivyolichora.